Nyumba yetu ilipochorwa X: niliyoyapitia hadi fidia ikaingia, hapa Mwanza

Nilikuwa nimeinama napepeta dagaa mbele ya duka nikasikia kopo la rangi linatikiswa. Vijana watatu. Mmoja kasimama katikati ya lami, bodaboda zinampita kushoto na kulia, kakanyaga ncha ya tepu ndefu ya kupimia. Mwenzake anaivuta tepu kuja kwetu. Wa tatu ndiye mwenye rangi. Kwenye fremu zangu mbili za mbele, yaani vyumba vya biashara, wakachora X nyekundu, kila mlango na yake. Wakarudi nyuma hatua chache hadi kwenye ukuta wa nyumba ya baba, wakabadilisha kopo, wakachora X ya kijani.

Mama akatoka na kanga begani. Akawasalimia kwanza, "Mwangaluka, wanangu," ndipo akauliza ile rangi ni ya nini. Yule mdogo wao alimwamkia vizuri, akamwambia, "Mama, yenye kijani mtalipwa. Yenye nyekundu hamlipwi." Wakaenda nyumba ya pili.

Hiyo ilikuwa Machi 2018. Fedha ya mwisho tuliipokea Machi 2020, na mambo ya ndani ya familia yaliyotokana nayo yakaendelea hata baada ya hapo. Naandika kwa sababu mji wetu haujaacha kubadilika. Soko kuu la zamani limebomolewa likajengwa jipya, stendi ya Nyegezi si ile tuliyoizoea, Nyamhongolo kuna stendi kubwa, reli ya kisasa inajengwa kutoka Isaka kuja Mwanza, kilomita 341, na daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Nayafurahia yote hayo. Nimesota foleni ya kivuko pale Kigongo na mgonjwa kwenye gari, kwa hiyo sihitaji kuelezwa umuhimu wa daraja. Ila kila mradi wa namna hii una watu waliokuwa wamekaa pale unapopita, na wengi wao wataamka siku moja wakute rangi ukutani bila kujua waanzie wapi. Mimi sikujua. Mradi wetu na ofisi nilizopitia sitazitaja. Nataka usome niliyokosea.

Kosa la kwanza nililifanya miaka sita kabla ya ile rangi.

Mwaka 2012 nilijenga zile fremu mbili. Nilichukua mkopo kwenye kikoba chetu, nikaongeza akiba yangu ya biashara ya dagaa, jumla nikatumia shilingi milioni 6 na laki 8. Mbele ya nyumba ya baba palikuwa na uwazi mpana hadi barabarani, na majirani wote walikuwa wanasogea mbele. Fundi akaniuliza mara moja tu, "Dada, hapa ni pako?" Nikamwambia ni pa baba. Hakuna aliyepima. Hata mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini baba, mtu aliyeishi pale tangu mwanzo, aliacha uwazi wote ule bila kuweka hata banda la kuku.

Baadaye ndiyo nikajua. Hifadhi ya barabara kuu zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipanua hadi mita 30. Zile mita 7 na nusu zilizoongezwa ndizo zinazotenganisha rangi. Aliyekuwamo humo tangu kabla ya sheria hiyo, barabara ndiyo imemfuata, basi anachorewa kijani na anastahili fidia. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 anahesabiwa kaifuata yeye barabara, anachorewa nyekundu, na anabomoa kwa gharama zake mwenyewe. Nyumba ya baba ya mwaka 1984 ilikuwa kijani. Fremu zangu zilikuwa nyekundu, zote mbili, hadi ukuta wa nyuma.

Ukitaka kujenga karibu na barabara kuu, nunua tepu ya mita 50, tafuta mtu akusaidie alfajiri magari yakiwa machache, mpime kutoka katikati ya lami. Ni kazi ya dakika 10. Usihesabu kutoka ukingo wa lami, wala usiridhike kwa kuwa jirani naye kajenga. Halafu nenda ofisi ya mipango miji uulize kama barabara hiyo ina mpango wa kupanuliwa, maana kinachoonekana leo sicho kitakachokuwepo.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko fremu zenyewe. Fremu moja nilikuwa nimempangisha fundi cherehani, kijana mtaratibu kutoka Sengerema, mwenye vyerehani viwili na mwanafunzi mmoja. Kodi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwezi Februari mtu wa ofisi ya mtaa alininong'oneza kwamba wapimaji wanakuja, na kwamba huenda za mbele zikaguswa. Wiki ile ile nikamwendea fundi, nikamwambia nina shida, anilipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Akanipa shilingi 360,000. Nikazipeleka kikoba kumalizia rejesho. Sikumwambia nilichosikia. Nilijisemea moyoni kwamba ni uvumi tu, lakini kama kweli niliuona uvumi nisingemkimbilia siku ile.

Rangi ilipochorwa aliiangalia ile X mlangoni kwake, akaniangalia na mimi. Hakusema neno. Wenye nyekundu tulipewa siku 30. Mwisho wa Aprili akabeba vyerehani vyake juu ya mkokoteni akaenda kupanga chumba Mabatini, akiwa ametumia miezi miwili tu ya kodi ile. Akabaki ananidai 240,000.

Ukisikia habari ya mradi, mpangaji wako aisikie siku hiyo hiyo. Yeye ndiye hana karatasi yoyote. Mwenye nyumba anaingia kwenye daftari la fidia, mpangaji anaambulia notisi. Na wewe mpangaji uliyeko kwenye barabara inayozungumzwa, lipa kwa mwezi mmoja mmoja, hata mwenye nyumba akinuna.

Baada ya fremu kubomolewa, miezi ikapita kimya. Julai tukaitwa kikao cha mtaa. Maofisa walieleza vizuri kuliko nilivyotarajia, ila walitumia maneno mengi tuliyokuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza, na watu wakawa wanapiga makofi bila kuuliza. Nitayaeleza hapa kwa Kiswahili cha sokoni.

Fidia ya ardhi si bei ya nyumba peke yake. Kuna thamani ya ardhi yenyewe. Kuna maendelezo, yaani nyumba, ukuta, choo, kisima, miti. Kuna posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kutumia wastani wa riba ambayo mabenki yanatoa kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Kuna posho ya usafiri, inayohesabiwa kama gharama ya kuhamisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba kama yako kwa miezi 36. Na mwenye biashara ndani ya jengo anaweza kulipwa hasara ya faida: faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ikithibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Kiwanja kitupu hakilipwi posho ya usafiri wala ya makazi.

Hilo la biashara lilinipita hivi hivi. Chumba cha mbele cha nyumba ya baba kilikuwa duka langu, nauza dagaa, mchele na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mwaka wa tisa. Leseni yangu iliisha 2016 sikuihuisha. Daftari nililokuwa nalo lilikuwa la madeni ya wateja tu, mistari imekatwakatwa, hakuna mahali palipoandikwa nimeuza kiasi gani na nimebakiwa na nini. Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga alikuwa na leseni, risiti za kodi ya mapato na hesabu zilizoandaliwa na mhasibu. Yeye alilipwa. Duka langu likaandikwa "chumba".

Mthamini, mtu wa kukadiria thamani ya mali, alikuja Agosti. Kama kuna siku moja ya kujiandaa katika safari yote hii, ni hiyo. Atakachokiandika pale ndicho kitakachosafiri hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa, na asichokiandika hakipo.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mawe.

Baba alikuwa kuli Bandari ya Mwanza Kusini. Kile kiwanja alikinunua 1981 kwa bei ndogo kwa sababu hakuna aliyekitaka. Jiwe moja kubwa lilikuwa limekalia karibu robo tatu yake. Wanaoishi kwenye vilima vyetu wanajua kazi hiyo. Jumamosi jioni alipanga kuni na tairi kuukuu juu ya mgongo wa jiwe, akawasha, moto ukalala hadi alfajiri. Mimi na kaka tulikuwa tumeshachota ndoo za maji, zimepangwa pembeni. Alikuwa anamwaga ndoo moja baada ya nyingine, haraka, mvuke unamfunika hadi kichwani, na jiwe linalia mlio mkavu kama bati linalokunjwa. Halafu ananyamaza anatafuta. Anapitisha kiganja juu ya jiwe lililo bado na moto hadi anaupata ufa mwembamba kama uzi. Hapo ndipo anapoingiza patasi. Jumapili baada ya Jumapili, kwa zaidi ya miaka miwili. Vipande vyake akajengea ukuta wa kuzuia udongo upande wa nyuma na ngazi za kushukia barabarani. Bila ukuta ule, nyumba ingeshuka na mvua ya masika ya kwanza.

Mthamini alipima nyumba nje, mita 11 kwa 8. Akaandika bati, sakafu ya saruji, madirisha ya nondo, mwembe mmoja, mipapai mitatu. Akafunga daftari. Nikamuuliza, "Na ukuta wa mawe, kaka?" Akasema, "Ukuta upi?" Alikuwa hajauona. Maboga ya mama yalikuwa yameufunika wote, majani juu hadi chini. Nikachukua panga nikaanza kuyakata pale pale, mama analalamika maboga yake hayajakomaa. Kijana akasubiri, jua kali, na ninamshukuru hadi leo. Akapima: urefu mita 14, kimo mita 1 na sentimita 80. Kwenye jedwali la fidia lililotoka baadaye, ukuta ule peke yake uliandikiwa shilingi milioni 3 na laki 1. Jirani wa juu yetu alikuwa na ukuta kama ule nyuma ya migomba na siku ile alikuwa Magu msibani. Haukuandikwa.

Kwa hiyo safisha kabla hawajafika. Fyeka, ondoa kuni zilizoegemezwa, fungua vyumba vyote, onyesha shimo la maji taka, msingi wa tangi, mfereji ulioujengea. Kuwepo wewe mwenyewe, au mtu mzima anayeijua nyumba. Tembea naye nyuma, usimwachie mtoto. Na usihangaike kuongeza vitu usiku baada ya kutangazwa tarehe ya mwisho ya mali kuhesabiwa. Mtaani kwetu kuna aliyepanda miche 40 ya mipapai kwa usiku mmoja. Udongo ulikuwa bado mbichi, haikuhesabiwa hata mmoja, na yeye akapoteza heshima mbele ya watu ambao baadaye alihitaji kuwaandikia malalamiko.

Halafu wanapiga picha. Mwenye mali anasimama mbele ya nyumba kashika kibao chenye namba yake. Mama alikwenda kuvaa gauni la kanisani. Alishika kile kibao kwa mikono miwili kifuani, akatazama mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha na nilishindwa kumtazama.

Nikafanya kosa jingine dakika chache baadaye. Fomu ililetwa, mwenyekiti wa mtaa akasaini kama shahidi, nasi tukasaini. Simu ilikuwa mkononi mwangu na sikuipiga picha ile fomu. Jedwali lilipotoka miezi mingi baadaye, choo hakikuwemo. Choo kile kilichimbwa kwenye mwamba kwa patasi, futi 12. Niliandika barua, nikaambiwa nilete nakala ya fomu ya siku ya uthamini. Sina. Mwenzetu mmoja ambaye naye kilisahaulika chumba kimoja aliitoa picha kwenye simu yake, akarekebishiwa. Soma fomu mstari kwa mstari kabla kalamu haijagusa karatasi, kama huoni vizuri mwite mwanao akusomee, na uipige picha kurasa zote zikiwa na saini na muhuri.

Kwenye fomu yetu palikuwa na jambo kubwa zaidi ambalo sikulitilia maanani. Mbele ya "jina la mmiliki" waliandika jina la baba, na pembeni "marehemu". Baba alifariki 2009. Miaka tisa, mirathi haikuwa imefunguliwa. Tuliishi tu. Karatasi pekee ilikuwa ya mauziano ya 1981, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, imeshuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi ambaye naye alishatangulia.

Novemba 2019 majirani walianza kulipwa. Nilisimama kwenye dirisha lile siku mbili. Siku ya pili nikaelezwa kwa upole kabisa kwamba hundi ya marehemu haitolewi kwa mjane wala kwa mtoto. Inatolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Tukaanza. Cheti cha kifo hatukuwa nacho, tulikuwa na kibali cha mazishi tu, kwa hiyo nikaenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kusajili kifo kwa kuchelewa. Kikao cha ukoo kikaitwa, kaka mkubwa akaja kutoka Geita, mdogo wetu kutoka Dar es Salaam akashiriki kwa simu, muhtasari ukaandikwa na wote wakasaini, mimi nikapendekezwa kuwa msimamizi. Kutoka hapo Mahakama ya Mwanzo, maombi, tangazo, kusubiri kama kuna mwenye pingamizi, kuhojiwa, uteuzi. Niliandika kila senti: nauli, ada, picha, nakala, tiketi ya basi ya kaka, chakula cha kikao. Ilifika shilingi 418,000, nyingi nilizikopa. Na ilitugharimu miezi minne ambayo wenzetu tayari walikuwa wananunua viwanja.

Mzazi wako akifariki na kuacha nyumba, fungua mirathi mwaka huo huo hata kama hamna ugomvi wowote. Wakati hakuna fedha mezani, kikao cha ukoo huisha kwa chai na maandazi. Chetu kilifanyika wakati kila mtu anajua kiasi. Kaka alitaka igawanywe siku ile ile mafungu matatu. Mdogo wetu akamuunga mkono. Maneno yaliyosemwa siku ile sitayarudia. Mama alikaa kimya hadi saa 10 jioni, kisha akasema, "Nyumba hii baba yenu hakuijenga kwa mafungu kama dagaa wa Kirumba. Nijengeeni kwanza pa kulala. Kitakachobaki gombaneni." Tukakubaliana hivyo kwa maandishi, na nashukuru yaliandikwa, kwa sababu miezi mitatu baadaye kaka alikumbuka vingine.

Msimamizi pia ana tarehe ya mwisho ya mahakama: ndani ya miezi minne tangu uteuzi unapaswa kurudisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, kisha hesabu ya ulivyozigawa kadiri mahakama itakavyopanga. Mimi nilidhani kuteuliwa ndio mwisho. Nilipeleka kwa kuchelewa na karani akanikaripia mbele ya watu. Alikuwa na haki.

Jumla tulipokea shilingi milioni 34 na ushee. Nataja kiasi kwa sababu watu wa nje husikia "wamelipwa mamilioni" wakafikiri tumetajirika. Nyumba ya vyumba vinne, kiwanja, ukuta, posho zote, watu watatu na mama yao. Kuna pia suala la ucheleweshaji: sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, ikipita hapo kuna riba. Wenzetu walioandika barua wakaidai kwa pamoja, wakiambatanisha tarehe, walijibiwa. Mimi niliuliza kwa mdomo dirishani na nikajibiwa kwa mdomo.

Kununua kiwanja ndiko nilikoanguka vibaya. Mtaa mzima ukilipwa ndani ya miezi michache, madalali wanajua kabla ya mke wako. Kishiri, Buhongwa, hadi njia ya Kisesa, kiwanja cha milioni 4 kikawa cha milioni 6. Kila siku simu. Nikaogopa kwamba nikichelewa fedha itayeyuka, basi nikalipa milioni 2 na nusu ya awali kwa kiwanja cha Kishiri nilichokiona mara moja, jioni. Muuzaji alikuwa na barua ya mtaa na watu wawili wa kumshuhudia. Wiki mbili baadaye nikaenda ofisi ya ardhi kuomba wanionyeshe kwenye mchoro. Afisa akaweka kidole: kile kipande ni barabara ya mtaa. Si kiwanja kabisa. Muuzaji simu haipatikani hadi leo, na dalali anasema yeye alikuwa mwonyeshaji tu. Nilikaa kwenye benchi la nje la ofisi ile zaidi ya saa nzima. Nilikuwa nimetoka kuondolewa barabarani, nikaenda kununua barabara nyingine kwa fedha ya baba.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakunigombeza. Alisema twende tukale.

Kiwanja cha pili, nacho cha Kishiri, nilikitafuta kinyumenyume. Nilianza ofisi ya ardhi nikauliza maeneo yaliyopimwa, nikapata namba, nikalipia upekuzi kuhakikisha jina la muuzaji ndilo lililosajiliwa, ndipo nikaenda kukiona, asubuhi, na mara ya pili siku ya mvua. Kama unajua fidia inakuja, fanya hivyo wakati bado unasubiri. Patana na muuzaji, fanya upekuzi, weka kila kitu tayari, halafu lipa fedha ikiingia. Wale jirani zetu waliotangulia kufanya hivi walinunua kwa bei ya zamani.

Barua ya kuondoka ilitupa siku 30 na ilituruhusu kuchukua vifaa. Uliza hilo, maana si kila mahali ni hivyo. Tulitoa bati 46, milango, nondo za madirisha, hata matofali ya ukuta wa ndani, na vyote vilisaidia nyumba mpya. Mawe hatukuweza. Lori la mawe kutoka pale hadi Kishiri bei yake ilikuwa sawa na mawe mapya. Kaka alichukua patasi ya baba, mimi nikachukua jiwe moja la ngazi ya chini, lile lililokuwa limelika katikati kwa miguu yetu. Liko mlangoni kwa mama sasa. Anakalia hapo kuchambua mchicha.

Fundi cherehani nilimlipa kidogo kidogo. Kwenye fedha ya fidia sikugusa, kwa sababu haikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa nampelekea 20,000, mwezi mwingine 10,000, kipindi kingine miezi ikapita sijaenda, namkwepa hata sokoni. Tarehe 14 Agosti 2021 nilipanda daladala hadi Mabatini na 30,000 ya mwisho. Alikuwa anashona sare za shule, kitambaa cha bluu kimejaa hadi mlangoni. Akazihesabu, akafungua droo ya cherehani akatoa daftari. Kila siku niliyomletea ilikuwa imeandikwa, tarehe na kiasi, kwa mwandiko mzuri. Akapiga mstari chini, akaandika "amemaliza", akanigeuzia daftari na kunipa kalamu nisaini.